Kombe la Paji la Mtemi

Sanduku la watemi lilifunguliwa mbele ya ukoo mzima, na ndani hamkuwa na kitu ila kitambaa chekundu kilichokunjwa vizuri.

Mzee mmoja aliketi chini kwenye vumbi. Wanawake walishika vichwa. Zuhra, mhifadhi aliyetoka makumbusho moja ya Mwanza kuja kuandika sifa za vitu vya kale vya ukoo huo, alibaki na kalamu mkononi kama mgeni aliyekaribishwa chakula akaletewa sahani tupu.

Inspekta Violeth Ngassa wa upelelezi aliwasili Tinde kutoka Shinyanga mjini kabla jua halijawa kali. Alifuatana na Koplo Abdul, baba wa watoto wanne, mwenyeji wa Ngokolo, mtu mpole aliyeogopa mbwa na kumwogopa Inspekta zaidi. Violeth alikuwa mpelelezi hodari, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

"Mwenye nyumba nani?"

"Mimi. Cornel Ngusa," alijibu mzee mrefu mwenye koti la suti lililochakaa viwiko. "Mtemi wa mwisho alikuwa babu yangu. Utemi ulifutwa, vitu vyake tukabaki navyo. Mtunzaji ni mimi."

"Kimeibwa nini?"

"Kombe."

"Kombe gani?"

Cornel alimtazama kama mtu aliyeulizwa jua ni lipi. Ikabidi Zuhra aeleze. Lilikuwa kombe la bahari lililokatwa umbo la kisahani, likaletwa bara kwa miguu ya wapagazi enzi za misafara. Kila mtemi alifungwa kombe hilo kwenye paji la uso siku ya kutawazwa. Ngoma, mikuki na kigoda vilikuwepo bado, wala havikuguswa. Aliyeingia alijua anachokitaka.

Violeth alichuchumaa kwenye sanduku. Bawaba nzima. Kufuli zima, halina hata mkwaruzo.

"Ufunguo anao nani?"

"Dada yangu."

Bi Limi alisogea mbele. Alikuwa mjane mfupi, mkubwa kwa Cornel, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake kwenye uzi mweusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu."

"Ufunguo huu huwa unauvua?"

"Nikioga siuvui. Nikilala siuvui."

"Nani mwingine hulifungua sanduku?"

"Hakuna. Sanduku hukaa kwa kaka, ufunguo hukaa kwa dada. Ndivyo tulivyoachiwa. Mara moja kwa mwaka tunafungua pamoja. Mimi nalipaka kombe samli, yeye analivaa, watu wanapiga magoti, linarudi ndani."

Mpelelezi mwingine angesimama hapo hapo. Kufuli zima, ufunguo mmoja, shingo moja. Lakini Violeth alimtazama bibi yule, akaziona mvi zake na rozari yake, akaona hata kumfikiria vibaya ni utovu wa adabu.

"Makufuli ya siku hizi," alimwambia Abdul, "msumari unatosha."

Abdul alikuwa na lake la kusema, akalimeza.

"Afande," Zuhra aliingilia, "huwezi kutafuta kitu usichoweza kukieleza. Waulize waliowahi kuliona. Umbo lake, rangi, nakshi zake, na hali yake: nyufa, madoa, mapengo. Hayo ndiyo yatakayokusaidia ukilikuta mikononi mwa mtu."

Wazo lilikuwa zuri, na Violeth alilichukua kana kwamba lilikuwa lake. Akaanza na mzee aliyeketi vumbini.

"Rangi yake?"

"Njano. Kama jino la mvuta kiko."

"Alama?"

"Lina ufa mwembamba ukingoni, kama unywele. Na duara limechorwa kuzunguka tundu la katikati."

Wazee wengine wawili walisema hivyo hivyo. Kisha akaitwa binti wa miaka kama ishirini, mjukuu wa nyumba hiyo.

"Rangi yake?"

"Nyeupe, afande. Nyeupe pee. Linang'aa."

"Ufa?"

"Halina. Ni laini kabisa."

Mwenzake naye akaapa kwamba ni jeupe. Violeth alipandwa na hasira. Akamgeukia yule mzee.

"Mzee, mara ya mwisho kuliona ni lini?"

"Mimi? Nilipokuwa mtoto."

"Si linatolewa kila mwaka?"

"Linatolewa. Ila mtu akishaoa haliangalii tena. Likitoka tunainamisha macho. Wanaochungulia ni hawa ambao hawajaoa wala kuolewa."

Zuhra alifungua mdomo kutaka kusema jambo. Hakupewa nafasi, maana nje kelele zilikuwa zimepanda. Vijana wa sungusungu, walinzi wa kijiji wenye fimbo na filimbi zao, walikuwa wamekwisha kumpata mwizi bila msaada wa serikali.

"Ni yule muuza vitu vya kale wa Kambarage! Nuruddin!"

"Amekuja hapa mara mbili kwa siri!"

"Na leo asubuhi amekuja na pikipiki, ameona watu, amegeuza!"

Violeth alimfuata Cornel pembeni.

"Huyo Nuruddin alitaka nini kwako?"

Cornel alitazama viatu vyake. "Anauza vitu vya kale."

"Alitaka kulinunua kombe?"

Mzee alijishughulisha na kifungo cha koti.

"Mzee, nakuuliza. Alitaka kulinunua?"

"Andika hivyo, afande."

Na Violeth akaandika hivyo.

Kesho yake, Ijumaa, gari la polisi lilisimama Kambarage, mtaa wa Shinyanga mjini, mbele ya duka la Nuruddin Shaaban wakati watu wanatoka msikitini. Abdul alikuwa amependekeza njia nyingine. "Afande, namfahamu. Tumpigie simu tu, atakuja mwenyewe kituoni."

"Wezi hawapigiwi simu."

Nuruddin alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, kanzu yake safi. Alitoa mikono bila kuambiwa mara ya pili. Pingu zililia, na watu wote barazani wakasikia. Mkewe, Mwaisha, alitoka ndani na mikono yenye unga, akasimama mlangoni asijue aifute wapi. Mtu aliyekuwa ameswali bega kwa bega na Nuruddin muda mfupi tu uliopita alivuta kanzu yake na kupita upande wa pili.

Upekuzi ulifanywa mbele ya mjumbe wa mtaa. Duka lilijaa birika za shaba zenye mikono ya kupinda, vijaluba vya fedha vya kuwekea tambuu, makasha ya nakshi yenye njumu za shaba, vigoda vya Kinyamwezi, shanga za zamani. Kwenye mtoto wa meza, ndani ya pamba, Abdul alikuta kisahani cha kombe.

Njano. Ufa mwembamba ukingoni. Duara kuzunguka tundu.

Violeth alikaribia kuimba.

Kituoni alimkalisha Nuruddin kwenye kiti kisicho na mgongo, akaweka kombe mezani ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Hiki nini?"

"Kombe."

"La nani?"

"La wenyewe, Tinde."

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri kwamba ni la Tinde, afande. Nililiona nikiwa mtoto. Marehemu baba alikuwa akiuza chumvi kule, nikachungulia na watoto wenzangu. Ufa ule sikuusahau."

"Umelipata wapi?"

"Katoro, kule Geita. Nimelinunua kwa mtu wa machimboni."

"Jina lake?"

"Simjui. Mtu wa machimbo leo yupo, kesho kahama."

"Yaani limeibwa Tinde juzi, jana ukalikuta Geita?"

Nuruddin alilitazama kombe mezani.

"Tinde ulifuata nini mara mbili?"

Nuruddin alinyoosha kanzu yake magotini.

"Jana asubuhi kwa nini uligeuza pikipiki?"

"Niliona watu wengi."

"Mwizi ndiye anayeogopa watu wengi."

"Si mwizi peke yake, afande."

"Jibu swali. Ulifuata nini kwa Mzee Cornel?"

"Kuna mtu nimempa neno langu. Nikikujibu nitakuwa nimelivunja."

Violeth alicheka. Alikuwa amewasikia wezi wa mifugo, wezi wa simu na wezi wa dhahabu, lakini mwizi mwenye neno la heshima alikuwa mgeni kwake. Akampigia simu Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, akamwambia kesi imekwisha. Mkuu akamsifu. Sifa hizo alikwenda nazo nyumbani, akalala nazo usingizi mnono.

Nuruddin alikaa mahabusu Jumamosi na Jumapili. Mwaisha alileta chakula kila mchana. Umri wao ulilingana, yeye na Violeth, lakini kila alipopita mbele ya meza yake aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo, afande." Violeth aliitikia bila kuinua macho. Tinde nako sungusungu walikuwa wamepitisha azimio: asionekane tena mtu wa nyumba ya Nuruddin katika mnada wala kisimani, na atakayemuuzia hata chumvi atengwe naye.

Jumatatu Violeth alirudi Tinde kwa ajili ya utambuzi wa kielelezo. Alilitoa kombe mbele ya wanaukoo kwa madaha, kama mkunga anayemwonyesha baba mtoto wa kiume.

"Ndilo hili?"

Yule binti alisogea, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hapana, afande. Siyo."

"Tazama vizuri."

"Letu ni jeupe. Hili limechakaa."

Mwenzake naye: siyo. Jasho lilimtoka Violeth kwapani. Lakini yule mzee wa siku ile, aliyetegwa na swali akasahau kuinamisha macho, alikuwa amelitazama kombe, na machozi yakamchuruzika hadi kidevuni.

"Ndilo," alisema. "Babu wee, ndilo hili."

Zuhra alimvuta Violeth mkono.

"Afande, nilitaka kukwambia tangu siku ile. Kombe, pembe, mfupa, vyote vikizeeka vinakwenda kwenye umanjano. Havirudi nyuma. Wazee waliliona zamani, likiwa la njano. Vijana wameliona juzi, likiwa jeupe. Hakuna kitu cha kale kinachorudi utotoni."

"Wazee wamesahau."

"Wote watatu, kwa maneno yale yale? Na vijana nao wote wamekosea? Hakuna aliyedanganya hapa. Sifa walizokupa ni za vitu viwili."

Violeth akamwita Bi Limi, kwa kuwa ndiye aliyeligusa kila mwaka. Bibi alikuja na kibuyu chake kidogo cha samli, maana kwa mila yao kombe halishikwi kwa mkono mkavu. Alilipokea, akalipangusa kwa kidole gumba kilicholowa samli, taratibu, kuanzia ukingoni. Samli ilizama. Akapaka tena, ikazama tena.

Uso wa bibi ulivunjika.

"Linakunywa," alisema. "Jamani, linakunywa!"

Violeth alisogea karibu sana, akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwani lile jingine lilikuwa halinywi?"

Kidole cha Bi Limi kilisimama.

Waliingia ndani, wao wawili, mlango ukarudishwa. Bibi aliketi kwenye mkeka, akavuta kitenge hadi kidevuni.

"Ulilichukua wewe, mama?"

"Nililichukua."

"Lini?"

"Usiku wa kuamkia siku ya mgeni. Kaka alikuwa msibani."

"Kwa nini?"

Maneno yakamtoka bila kusukumwa.

"Mwaka wa kwanza samli iliteleza, nikasema samli ni mbaya. Mwaka wa pili nikasema mikono yangu ndiyo mibaya, labda nimewakosea wahenga. Mwaka uliofuata nikaligeuza. Nyuma yake nikakuta maandishi ya buluu, nusu yake yamesuguliwa. Mimi kusoma sijui, lakini umbo la kitu nikiliona silisahau."

"Yalikuwa maandishi gani?"

"Sikujua. Halafu nikaugua, nikapelekwa kwa binti yangu Ngokolo. Nyumba yake ina choo cha ndani, kile cheupe cha kukalia. Siku moja nikainama nikisafishe. Ng'wanawane..." Alijifunika uso. "Maandishi yale yale. Buluu ile ile. Nikakaa pale sakafuni nikalia mpaka binti yangu akagonga mlango. Watu wa ukoo wangu wanakipigia magoti kipande cha choo, na anayekipaka samli ni mimi."

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Bibi huyu alikuwa ameosha maiti moja miaka kadhaa, kila mwaka, mbele ya watu, na wimbo juu.

"Mbona hukumwambia kaka yako?"

"Nimwambieje, mwanangu? Yeye ndiye aliyekuwa akilivaa usoni."

"Kwa hiyo ukaamua kuiba."

"Niliposikia anakuja msomi wa kulipima na kulieleza mbele za watu, niliona heri mwizi kuliko msomi. Likiibwa, tutalia. Likijulikana, tutachekwa mpaka vitukuu vyetu."

"Liko wapi sasa?"

"Chooni, huko nyuma. Nimelirudisha kwao."

Violeth alisikia pumzi mlangoni. Alipoufungua, Cornel alikuwa amesimama hapo, koti lake analishika kifuani kama mtu anayesikia baridi. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama Inspekta. Alimtazama dada yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii?"

"Nilidhani hujui, mdogo wangu. Nilidhani nawe umedanganywa."

Cornel aliteremka taratibu hadi akakaa kwenye kizingiti, na kutoka hapo, akiongea na sakafu, akasema yake.

Alikuwa amekwenda Geita kuchimba, kama wanaume wengi wa Tinde. Duara lao, yaani shimo lao la dhahabu, lilikuwa kavu. Mganga akawaambia wafukie kitu cha damu ya watawala kwenye mdomo wa duara, nalo litatema dhahabu. Wenzake wote wakamgeukia mjukuu wa mtemi.

"Wakati huo ufunguo alikuwa nao mama yetu," alisema. "Alikuwa kipofu. Niliuchukua shingoni mwake akiwa amelala, nikaurudisha kabla hajaamka. Alikufa hajui."

"Ukalifukia kombe?"

"Nililifukia jioni. Asubuhi nikakuta pako tupu. Wenzangu wote wakaapa hawajui."

"Na lile jeupe?"

"Sikuweza kurudi mikono mitupu. Nyuma ya gesti moja palikuwa na choo kilichovunjika, kimetupwa. Kaure nyeupe. Fundi wa kukata mawe akanikatia kwa grenda, akatoboa tundu. Nilidhani litakuwa la mwaka mmoja, nikitafuta la kweli." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Mwaka ukazaa mwaka."

Violeth alikuwa na swali moja lililobaki, na kwa mara ya kwanza tangu avae sare, aliogopa jibu.

"Nuruddin alikujia kufanya nini?"

Cornel alichora mstari kwa kidole kwenye vumbi la kizingiti.

"Mzee Cornel. Alikuja kulinunua?"

"Alikuja kulirudisha."

Nje kuku alikuwa akitaga kwa kelele.

"Alilikuta Katoro, akalitambua, akalinunua kwa fedha yake. Akaniletea habari. Hakutaka kitu, hata nauli. Nikalia mbele yake, afande, mimi mzee mzima. Nikamwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote. Tukapanga alilete Alhamisi mapema. Dada akishafungua sanduku, nibadilishe kabla mgeni hajafika. Mgeni akawahi. Nuruddin akaona watu, akageuza ili anisitiri. Sanduku lilipokutwa tupu, nikadhani wahenga wameniokoa."

"Na nilipokuuliza kama alitaka kulinunua?"

"Nikasema uandike hivyo."

"Mtu anakuletea kombe la babu yako bure, wewe unamtia pingu?"

"Niliuangalia uso wangu kwanza, nisichekwe."

Bi Limi alianza kulia kwa sauti ya chini, bila maneno. Kaka na dada walikuwa wameificha aibu ile ile, kila mmoja kivyake, hadi kumwangamiza mtu wa tatu. Cornel alijikokota kwa magoti mpaka mbele ya viatu vya Violeth.

"Niandike mwizi. Andika niliiba, nikauza, nimekula fedha. Nifunge miaka unayotaka. Ila nakuomba, usiandike choo."

"Simama, mzee."

"Usiandike choo, mwanangu."

Violeth hakuweza kumkemea. Alikuwa akijaribu kukumbuka kama kuna mahali popote katika kesi hii yeye mwenyewe aliangalia kitu kingine zaidi ya uso wake. Kufuli zima alikuwa ameliona. Aibu ilimpanda kutoka shingoni, moto mtupu, akashukuru kwamba mle ndani kulikuwa na giza kidogo.

Abdul alishinda mchana kutwa nyuma ya nyumba na reki ndefu, kitambaa puani. Jioni kielelezo cha pili kilipatikana. Hata baada ya kuoshwa, kilikuwa cheupe pee.

Nuruddin alitolewa mahabusu jioni hiyo hiyo. Violeth alikuwa ameandaa maneno njiani kote kutoka Tinde, lakini alipomwona anavyofunga kanzu yake iliyochafuka, maneno yakakwama.

"Kwa nini hukusema?" ndilo lililomtoka.

"Nilikwambia, afande. Nilimpa mtu neno."

"Ungefungwa."

"Huenda. Kwani mzee amesema mwenyewe?"

"Amesema mbele yangu na dada yake."

"Basi inatosha. Isiende mbali zaidi ya hapo."

"Haitoshi. Kambarage yote inakujua mwizi. Tinde wamekutenga."

Nuruddin alifikiri, akakuna ndevu.

"Mke wangu anaumia," alisema. "Hilo sitakuficha. Jana amekwenda sokoni, muuza nyanya amemgeuzia mgongo. Lakini nikilitaka jina langu leo, mzee yule anapoteza lake, naye hana muda wa kutafuta jingine. Mimi nitasubiri."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema samahani. Violeth alisukuma daftari la vitu vya mahabusu mbele yake.

"Saini hapa," alisema, "uchukue mkanda wako."

Wiki ile ilikuwa ndefu kwake. Aliandika maelezo ya Bi Limi na ya Cornel kama yalivyotamkwa, choo kikiwa choo, akapeleka majalada kwa mwendesha mashtaka, la Cornel likiwa na kosa la kutoa taarifa za uongo kwa polisi. Kisheria Nuruddin alikuwa safi. Mtaani hakuna anayesoma majalada. Duka lake lilikaa wazi, na birika za shaba zikapata vumbi.

Ijumaa, bila kuagizwa na mtu, Cornel Ngusa alishuka kwenye basi Shinyanga mjini akiwa na dada yake na wazee watano wa ukoo. Walitembea hadi Kambarage, wakasimama mbele ya duka la Nuruddin, wakangoja swala imalizike. Abdul aliwaona, akampigia Inspekta. Violeth alifika mbio, akajiambia amekuja kulinda amani.

Watu walipotoka msikitini, Cornel alivua kofia.

"Assalaam aleikum. Mimi si wa dini yenu, lakini nina maneno, na mahali pake ni hapa." Aliikaza sauti. "Mnamwita Nuruddin mwizi. Mwizi ni mimi. Kombe la babu zangu nililipeleka mgodini, likapotea. Nikawatengenezea watu wangu jingine. Nimelitengeneza kwa choo. Kipande cha choo kilichovunjika. Nimekivaa usoni miaka yote, na ukoo wangu ukanipigia magoti."

Nyuma mtu mmoja aliangua kicheko. Hakuna aliyemfuata, na kicheko kikamfia kooni.

Wazee watano wa Tinde waliinamisha vichwa. Walikuwa wameambiwa asubuhi, na bado kulisikia hadharani kuliwachapa upya. Bi Limi alisimama wima ubavuni mwa mdogo wake, kamshika kiwiko.

"Huyu alilikuta kombe la kweli akaniletea bure," Cornel aliendelea. "Nikamwacha afungwe ili nisichekwe. Sasa nimekuja. Nichekeni."

Nuruddin alikuwa mlangoni. Hakutaka haya, na uso wake ulionyesha. Aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka nyuma ya mzee.

"Kaa, mzee wangu," alisema. "Kaa kwanza."

Yule aliyevuta kanzu Ijumaa ya pingu alikuja akampa Nuruddin mkono, akaushikilia muda mrefu. Wengine walifuata. Lakini watu waliokuwa barazani hawakuondoka, na Violeth akashangaa wanangoja nini, mpaka alipoona kwamba macho yamemgeukia yeye.

Mwaisha alikuwa amesimama kando ya mumewe. Safari hii hakuinama.

"Karibu, afande," alisema kwa upole. "Tunakusikiliza."

Violeth alitafuta la kisheria la kusema, asilipate. Akavua kofia yake ya polisi, akaishika kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyemtia pingu mtu huyu," alianza, na sauti ikamkatika. Akaanza tena. "Abdul aliniambia nimpigie simu. Angekuja mwenyewe. Nilingoja mpaka mtoke msikitini, kwa makusudi, kwa sababu nilitaka mnione mimi nikimkamata."